Kigari kilichorudi na alama ya kidole

MZEE alifika kwangu Mpumudde saa kumi jioni akiwa amebeba sanduku la viatu lililofungwa kwa kamba. Alishuka kwenye bodaboda polepole, akauliza kwa Kiswahili cha zamani kama hapa ndipo anapokaa fundi wa vigari vya plastiki. Jirani yangu, mama anayechoma gonja kando ya barabara, alimwonyesha mlango wangu na kumwambia, "Kodheyo, mzee." Hiyo ni salamu ambayo Wasoga humpa mtu aliyerudi kutoka safari. Mama yule hakujua kwamba safari ya mgeni wake ilikuwa imechukua zaidi ya miaka 40.

Kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza simu na redio. Vigari ni kazi ya jioni na ya Jumapili. Niliianza baada ya kukuta boksi moja ndani ya robota la vichezeo vya mitumba ambalo dada yangu, mfanyabiashara wa Busia, alikuwa amelinunua. Wateja wake walitaka midoli na mipira. Lile boksi la vipande vya plastiki visivyoeleweka hakuna aliyelitaka, nikapewa bure. Tangu hapo jina limenishika. Mzee alikuwa ameingia duka moja mjini Jinja kutafuta kikopo kidogo cha rangi ya Humbrol. Mwenye duka akacheka, akamwambia rangi hiyo hana, ila kuna mtu Mpumudde anayemsumbua kila mara kwa maswali kama hayo.

Ndani ya sanduku, juu ya pamba, kulikuwa na Volkswagen, ile yenye umbo la kobe. Urefu wake ni kama sentimita 13, inaenea kwenye kiganja. Ilikuwa nyekundu, rangi imebabuka, gurudumu moja halipo, bampa ya mbele imevunjika na kioo kimekuwa cha njano. Chini ya bodi nikasoma jina la Airfix.

"Nataka kiwe kipya, fundi," mzee akasema. "Kama kilivyotoka dukani."

Nikamuuliza nani alikiunganisha.

"Kaka yangu. Mbale, mwaka 1971."

Kaka huyo alikuwa amefariki Leicester, Uingereza. Mzee alikuwa amekuja Uganda kwa mara ya kwanza tangu aondoke akiwa mtoto wa miaka 11, na alitaka kukifikisha kigari Mbale kabla ya kurudi. Alinipa siku tisa.

Si vichezeo vya kawaida

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuviona, vigari hivi haviuzwi vikiwa vizima. Unanunua boksi. Ndani unakuta vipande vingi vimeshikamana na fremu ya plastiki kama maembe machanga kwenye kikonyo: milango, viti, usukani, ringi, taa, pengine injini nzima. Unavikata kwa wembe, unavipiga msasa, unavigundisha kimoja kimoja na kuvipaka rangi. Kila kigari ni gari la kweli lililopunguzwa kwa kipimo maalumu. Vya Airfix vingi vilikuwa vya 1 kwa 32, maana yake urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 32. Wamarekani walipenda 1 kwa 25, na Wajapani wengi hutumia 1 kwa 24.

Airfix ilianzishwa Uingereza mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria. Kifaa chake cha kwanza cha namna hii hakikuwa gari la kifahari bali trekta la Ferguson, lile lile ambalo wazee wa mashamba ya Afrika Mashariki wanalikumbuka. Kilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mawakala waliokuwa wakiyauza matrekta yenyewe. Huko Michigan, Marekani, kampuni ya AMT nayo ilianza mwaka 1948 kwa kutengeneza vigari vya kuonyeshwa wateja kwenye maduka ya magari. Kwa hiyo biashara yote hii ilianza na wauzaji waliotaka kumwonyesha mnunuzi kitu asichoweza kubeba mkononi. Wafanyabiashara wa mpakani mtaelewa.

Mwaka 1958 AMT walianza kuuza maboksi yenye njia tatu za kuunganisha gari lile lile: kama lilivyotoka kiwandani, kama gari la mashindano, au kama gari lililorembwa kwa mapenzi ya mwenyewe. Hapo ndipo mtoto alipopewa ruhusa ya kubadilisha gari. Revell nao wakamwajiri Ed Roth, fundi wa California aliyekuwa akitengeneza magari ya ajabu, na vigari vyenye jina lake vikauzwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Afrika Mashariki hatukuhitaji kufundishwa hilo. Gari letu halikai siku nyingi bila kuongezewa keria, chuma cha kuzuia ng'ombe na maandishi nyuma. Na tulikuwa na Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen iliyashinda mwaka 1962. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann na Datsun 240Z, na mwaka 1973 akawa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye akiendesha Datsun 240Z. Mehta alimaliza akiwa na pointi za adhabu sawa na Harry Källström, akapewa ushindi kwa sababu yeye alikwenda umbali mrefu zaidi bila kupata adhabu. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Mzee aliniambia kwamba kaka yake alikuwa akisikiliza Safari redioni, ameandika nambari za magari kwenye daftari la shule. Datsun ya kuunganisha hakuipata Mbale. Alipata Volkswagen, akaifanya gari la Safari.

Hapo nikashtuka. Kigari kilichokuwa mbele yangu hakikuwa na nambari yoyote. Kilikuwa chekundu kitupu.

Pamba, spiriti na subira

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutofanya haraka. Kitu kilichokaa nusu karne hakiharibiki kwa kusubiri siku moja zaidi, lakini kinaweza kuharibika kwa dakika moja ya fundi mwenye pupa.

Plastiki ya vigari hivi ni polistirini. Ni laini kwa kisu, inashika rangi vizuri, lakini ina maadui. Petroli huila. Thina ya magari huiyeyusha. Asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, huigeuza uji. Nimeona bodi nzuri ya Ford ikilainika kama mshumaa kwa sababu mwenye nayo aliisafisha kwa thina. Hakuna dawa ya kuirudisha.

Unaanza na maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa mswaki laini. Yasiwe ya moto, kwa sababu plastiki itapinda. Kama rangi ya zamani lazima itoke yote, mafundi wengi hutumia mafuta ya breki, yale ya kawaida ya gari. Unakizamisha kigari kwenye chombo chenye kifuniko kwa siku nzima, unavaa glavu, kisha unasugua na kuosha. Rangi hutoka, plastiki hubaki. Kwenye kromu ya bampa, Jik ya kufulia hutosha. Lakini kabla ya yote hayo unajaribu kwanza mahali pasipoonekana, tuseme chini ya bodi.

Mimi nilijaribu kwa pamba na spiriti chini ya ubao wa mlango. Pamba ikatoka nyekundu mara moja. Nikafuta tena, nyekundu ikaisha, na chini yake ikatokea rangi nyingine: kahawia, ngumu, inayong'aa kidogo. Spiriti haikuigusa.

Nikaelewa kwamba kigari kimepakwa mara mbili na watu wawili. Kahawia ilikuwa rangi ya mafuta, ya vikopo vile vidogo alivyokuwa akivitafuta mzee, na kwa miaka yote hiyo ilikuwa imekauka kama jiwe. Nyekundu ilikuwa rangi ya maji, ya aina ya kupakia kuta. Kama ningekizamisha kwenye mafuta ya breki siku ile ile, kama nilivyoagizwa, zote mbili zingetoka pamoja na nisingejua kitu.

Nilifuta kwa pamba usiku tatu, sentimita kwa sentimita. Kwenye boneti ikatokea duara nyeupe, ndani yake nambari 21 iliyochorwa kwa mkono, mkia wa 2 umeteleza kidogo. Kwenye madirisha ya pembeni kulikuwa na madoa ya rangi ya udongo yaliyonyunyizwa kwa mswaki ili yafanane na tope. Taa za mbele zilikuwa na vizuizi vya waya mwembamba, bila shaka waya wa redio, ambavyo rangi nyekundu ilikuwa imevifunika mpaka vikaonekana kama uvimbe.

Na juu ya paa, upande wa dereva, kulikuwa na alama ya kidole gumba.

Alama hiyo haikuwa ya rangi. Gundi ya vigari haishikishi kama ulimbo, bali huyeyusha plastiki ya pande mbili ili ziungane ziwe kitu kimoja. Mtu akiwa na gundi kwenye kidole na akashika bodi, mistari ya ngozi yake huchapwa ndani ya plastiki kama muhuri. Kila anayejifunza kazi hii amewahi kuifanya. Ni kosa. Dawa yake ni puti kidogo na msasa wa maji, dakika 20 tu, na hakuna atakayejua.

Nilizima taa nikalala.

Mpumudde na waliorudi

Mahali hapa pana historia na watu wanaorudi. Kabalega, Omukama wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza, alikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwaka 1923 aliruhusiwa kurudi nyumbani. Alifika Jinja, akafariki hapa Mpumudde mwezi wa Aprili, kabla ya kuiona Bunyoro. Alizikwa Mparo, karibu na Hoima. Jina Mpumudde lenyewe maana yake ni nimepumzika, na wenyeji hulihusisha na mzee huyo aliyekaribia kufika.

Familia ya mgeni wangu ilikwenda njia ya kinyume. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin akiwa Tororo, si mbali na Mbale, alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda. Walipewa siku 90. Takriban watu 27,000 waliishia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Wengi walikwenda vilevile.

Mzee aliporudi kuangalia kazi imefikia wapi, nilimwekea kigari mezani bila kusema neno. Alikitazama muda mrefu. Kisha akauliza, "Hii nyekundu ilitoka kwa nini?"

"Spiriti, mzee. Ilikuwa rangi ya ukuta."

"Najua ilikuwa rangi ya ukuta," akasema. "Niliipaka mimi."

Akanieleza. Kaka yake alikiweka kigari ndani ya kiatu, kiatu ndani ya begi, na hivyo kikapita kwenye vizuizi vyote vya askari mpaka Entebbe. Leicester, shuleni, mzee alikipeleka darasani kuonyesha. Watoto wakakicheka. Wakasema ni gari la matope, ndiyo gari la kwao. Jioni ile akachukua rangi iliyobaki baada ya kupaka jikoni, akakifanya chekundu kama magari ya dukani. Kaka yake alikiona asubuhi. Hakusema chochote, wakati ule wala baadaye. Mzee naye hakuomba radhi. Kila mwaka aliona kwamba muda umeshapita sana, na mwisho ukapita kweli.

Nikamwonyesha paa. Nikamwambia, "Hii nikiipiga msasa itaondoka, mzee, kigari kiwe kama kilivyotoka dukani. Ndivyo ulivyoagiza. Uamuzi ni wako."

Aliweka kidole gumba chake juu ya alama. Kilizidi kidogo. Kaka yake alikuwa na miaka 15 alipokiunganisha.

"Acha," akasema. "Acha na matope."

Kurudisha na kubadilisha

Nimeileta habari hii kirefu kwa sababu wateja wengi huchanganya kazi mbili. Ipo kazi ya kurudisha, na ipo kazi ya kubadilisha. Ukiletewa kigari ambacho mkono wa mtu fulani umo ndani yake, kazi yako ni kukifanya kisimame tena, kisha unyamaze. Ukipata boksi ambalo halijaguswa, au mabaki yasiyo na mwenyewe, hapo una uhuru wote.

Kwa Volkswagen ya mzee nilifanya machache. Gurudumu lililopotea nililitengeneza kwa kunakili moja kati ya yaliyobaki. Unachukua silikoni ya kuzibia madirisha, unaikandia ndani ya maji yenye sabuni nyingi ya vyombo mpaka iache kunata, unaigandamizia gurudumu zima, unaliacha likauke. Ukilitoa, linabaki tundu lenye kila mstari. Unajaza gundi ya epoksi ya mirija miwili, na kesho yake una gurudumu. Kwa ndani nikachonga mwaka niliolitengeneza kwa ncha ya sindano, ili atakayekishika baadaye asidhani ni la 1971. Kioo cha njano nilikisugua kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Kilipungua njano, hakikuwa kipya. Bampa nilichonga kutoka kwenye fremu ya kigari kingine.

Upande wa kubadilisha ndio wenye raha. Malighafi imejaa mitaani ukijua plastiki ipi ni ipi. Jerikeni haifai, kwa sababu si polistirini na gundi ya vigari haiishiki kabisa. Lakini kasha gumu la CD au la kaseti mara nyingi ni polistirini safi, nalo hutoa madirisha mazuri sana. Bomba la kalamu ya Bic linafaa kwa ekzosi na keria. Vipande vya fremu vilivyobaki usitupe: vikate vidogo, vitie kwenye chupa yenye gundi ya vigari, vitayeyuka na kuwa puti ya kuzibia nyufa. Kijiti cha fremu ukikipasha juu ya mshumaa na kukivuta taratibu, kinarefuka kuwa uzi mwembamba. Huo ndio antena ya redio.

Vigari vya Japani vina faida moja kwetu: vingi usukani wake uko kulia, kama barabara zetu zinavyotaka. Nimechukua Hiace ya kuunganisha, nikaipaka nyeupe na kuizungushia mstari wa miraba ya buluu, ikawa kamunye ya Jinja kwenda Kampala. Niliikunja mlango wa pembeni kidogo, kwa sababu kamunye yenye mlango ulionyooka haimdanganyi mtu. Kijana mmoja wa stendi aliponiona nayo aliniuliza kondakta yuko wapi.

Kwa wanaopita mpakani

Wafanyabiashara wa Busia na Malaba huniuliza kama vitu hivi vina soko. Vina, lakini ni soko la watu wachache wanaojua wanachotaka. Mkifungua robota la vichezeo, msitupe boksi la karatasi lenye picha ya gari hata likiwa limechanika. Boksi na karatasi ya maelekezo ni sehemu ya thamani. Vipande vikiwa bado kwenye fremu, bei hupanda. Vikiwa vimeunganishwa vibaya, visivunjwe kwa nguvu. Gundi ya zamani huwa kavu, na kigari kikilazwa kwenye friza usiku mmoja, viungo vingi huachia kwa kubonyezwa kidogo.

Angalieni magurudumu. Tairi za plastiki laini za miaka ile hutoa mafuta yanayoila ringi na sakafu ya kigari. Zikiwa zimegusana kwa miaka, huacha shimo lililoyeyuka. Zitoe, ziweke kwenye mfuko wake. Stika za maji zikiwa zimegeuka njano, zifungeni ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, mzibandike kwenye dirisha lenye jua. Baada ya wiki kadhaa huwa nyeupe tena. Zikiwa zimepasuka, zipakwe vanishi isiyo na rangi kabla hazijatiwa majini.

Aidha, gundi na rangi za mafuta hushika moto. Anayerudi kutoka Ulaya kwa ndege asizitie kwenye begi, zitachukuliwa uwanjani. Na kuna jambo la ushuru ambalo wengi huteleza. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Kigari kilichotengenezwa Japani au Uingereza hakiwi cha Afrika Mashariki kwa sababu kimenunuliwa Nairobi. Kionyesheni forodhani, mlipe, mpewe stakabadhi. Hasara ya kunyang'anywa ni kubwa kuliko ushuru.

Mbale

Siku ya tisa mzee aliniomba nimsindikize. Tulipanda kamunye Jinja, tukapita Iganga, tukashika barabara ya Tirinyi. Sanduku la viatu lilikuwa mapajani mwake njia nzima. Tulipofika Kamonkoli na milima ya Wanale ikaanza kuonekana, aliacha kuzungumza.

Duka la baba yake halikuwa mbali na mnara wa saa. Siku hizi ni duka la dawa. Mzee alisimama upande wa pili wa barabara, akahesabu milango, akavuka. Mwenye duka alimwona Mhindi mzee anakuja na sanduku mkononi, uso ukambadilika. Nilimwelewa. Mali nyingi za Waasia zilizotwaliwa mwaka 1972 zilirudishwa kwa wenyewe baada ya sheria ya mwaka 1982, na wapangaji wengi walijua habari hizo kwa kuona mtu mlangoni na karatasi.

"Karibu, mzee," akasema, lakini sauti haikukaribisha. "Umekuja kwa ajili ya nyumba?"

"Hapana, mwanangu," mzee akamjibu. "Baba alikuwa mpangaji tu, kama wewe. Naomba nikae hapa kwenye ngazi dakika tano."

Aliketi kwenye ngazi ya saruji, ya pili kutoka chini. Akafungua sanduku, akakiweka kigari kando yake. Kaka yake alikuwa akifanyia kazi hapo, akaniambia, kwa sababu mama yao hakutaka harufu ya gundi ndani ya nyumba. Mwenye duka alitoka, akachuchumaa, akakitazama. Akauliza kwa nini kimejaa matope. Mzee akamweleza habari za Safari, za nambari 21 na za redio. Watoto wawili waliovaa sare za shule wakasimama. Mmoja akanyoosha kidole kwenye paa.

"Hapa pameharibika," akasema.

"Ndiyo," mzee akasema. "Ni kaka yangu."

Dakika tano zikawa saa nzima. Mwenye duka alituletea chai. Tulipokuwa tunaondoka alikishika kigari kwa mara ya mwisho, akakizungusha magurudumu, lile langu likiwa gumu kidogo kuliko mengine, akauliza kama anaweza kukinunua akiweke kwenye kabati la kioo.

Mzee alikirudisha kwenye pamba, akafunga kamba.

"Hiki hapana," akasema. "Lakini fundi huyu anakaa Mpumudde. Mpelekee kijana wako, amfundishe."

Kijana wake amekuja Jumapili tatu sasa. Bodi yake ya kwanza ni Morris Minor ya mitumba isiyo na boneti. Ina alama za vidole paa zima. Sijamwambia azipige msasa.